Siku Nane Pungufu

Nasma alisaini mkataba akiwa na mimba ya miezi mitatu na nusu, na pale kiwandani hakuwa amemwambia mtu. Bi Frida wa ofisi ya utumishi alimsogezea karatasi akamuuliza, kama alivyomuuliza kila mtu, kama ana jambo lolote la kiafya ambalo kampuni inapaswa kulijua.

"Hakuna, Madam," Nasma alijibu, akaweka saini.

Miaka miwili alikuwa ametafuta kazi ya mkataba. Mwezi wa kwanza mwaka huo alifanya kibarua hapohapo kiwandani, akibandika lebo kwa wiki sita, halafu wakaambiwa msimu umekwisha. Alipoitwa tena mwishoni mwa Machi, safari hii kwa ajira, hakuona mlango wa kusema ukweli. Alijifunga mtandio mpana, akaanza kazi tarehe mosi Aprili.

Kiwanda kilikuwa barabara ya Mwandiga. Kilisafisha mafuta ya mawese na kuyajaza kwenye chupa. Kazi ya Nasma ilikuwa kukagua: anainua chupa kwenye mwanga, anatazama kama kuna mashapo, anajaribu kizibo, anairudisha kwenye mstari, anachukua nyingine. Saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni, amesimama. Harufu ya mawese yaliyopashwa moto ilimfuata mpaka nyumbani Buzebazeba, ikaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye chakula. Usiku alilala nayo.

Mumewe, Abdulmajid, alikuwa mvuvi. Katikati ya Mei ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, na mitumbwi yote ikapandishwa ufukweni. Abdulmajid akaenda Uvinza kupakia chumvi kwenye malori. Nasma akabaki na mama mkwe wake, Bi Mwanvua, ambaye magoti yalimsumbua, kwa hiyo maji, kufua na jiko la jioni vilimsubiri Nasma arudi.

Katikati ya Juni mtandio haukuficha kitu tena. Isitoshe, nesi wa kliniki alikuwa amemwambia kwamba mwajiri lazima apewe taarifa miezi mitatu kabla ya kujifungua, pamoja na cheti. Nasma akakipeleka cheti kwa Bi Frida.

Bi Frida alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, asiyepandisha sauti. Alikisoma cheti mara mbili, kisha akafungua kalenda.

"Matarajio ni tarehe ishirini na mbili Septemba."

"Ndiyo, Madam."

"Wewe umeanza Aprili mosi. Likizo yenye malipo ni kwa aliyetimiza miezi sita. Yako inatimia Septemba thelathini." Akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Umepungukiwa siku nane."

Nasma aliitazama ile kalenda. Ilikuwa na picha ya meli bandarini.

"Sasa inakuwaje?"

"Likizo utapata, ila bila mshahara. Sheria sikuitunga mimi, mwanangu."

Aliporudi kwenye mstari, Honorata aliyesimamia mashine ya lebo alimuuliza kwa macho. Nasma akatikisa kichwa, akachukua chupa.

Tangu siku hiyo akili yake ilizunguka kwenye zile siku nane. Asubuhi akipiga mswaki alimwomba mtoto, kimoyomoyo, achelewe. Akijua mtoto hasikii, aliendelea kumwomba. Abdulmajid alipiga simu kutoka Uvinza akasema watajibana, watu wote hujibana. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa chumvi na uchovu, na Nasma hakumwambia kwamba viatu havimwingii tena.

Julai ikapita hivyo. Msimamizi alimkataza kukalia ndoo, akisema akikaa mmoja watakaa wote. Honorata akawa anamtuma makusudi kwenda stoo kuleta karatasi za lebo, kazi ya dakika mbili, naye Nasma alizigeuza kuwa tano, ameegemea maboksi, amefumba macho.

Agosti kumi na nane, Jumatatu, alipewa ruhusa ya kwenda kliniki. Nesi alimfunga kipimo cha presha, akakifungua, akamfunga tena mkono wa pili. Halafu akaenda kumwita daktari. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, lakini alipoiona miguu yake haraka ikamwisha. Akavuta kiti.

"Unafanya kazi gani?"

"Nakagua chupa."

"Umekaa?"

"Nimesimama."

"Uache leo. Sikutishi, lakini presha hii sitaki ikupande zaidi. Mpaka ujifungue, upumzike." Akaandika cheti, akagonga mhuri.

Nasma alitoka nacho akarudi kiwandani badala ya kwenda nyumbani. Alimkuta Honorata nyuma ya stoo akila viazi, akakaa chini na kumpa ile karatasi. Honorata alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, cheo ambacho hakuna aliyekitaka, naye alikichukua kwa sababu anapenda kusoma mambo.

"Nikiondoka leo nimepoteza," Nasma alisema. "Si siku nane tena. Ni mwezi na zaidi."

Honorata alisoma cheti polepole huku akitafuna. Kisha akafuta vidole, akatoa simu, akaitafuta sheria na kushuka nayo kwa kidole gumba.

"Mwezi wa kwanza si ulikuwa hapa? Tulibandika wote lebo."

"Kile kilikuwa kibarua."

"Sikiliza." Akasoma kwa sauti ya chini: aliyefanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, siku zake zikijumlishwa zikazidi miezi sita, anastahili. "Ulianza lini, uliisha lini?"

"Januari sita. Februari kumi na tano." Tarehe hizo alizikumbuka kwa sababu ndizo siku alizokuwa akitapika nyuma ya ukuta, akidhani ni harufu ya gundi.

Walihesabu kwa vijiti chini mchangani. Kibarua, mwezi mmoja na siku kumi. Ajira mpaka leo, miezi minne na siku kumi na nane. Honorata akarudia.

"Alhamisi," akasema. "Ukifika kazini mpaka Alhamisi, umezidi miezi sita kwa siku moja."

Nasma hakufurahi. Aliiona Alhamisi kama mlima. Na aliona jambo jingine: akiitaja Januari, kutapika kule kutatajwa pia, na Bi Frida atajua kwamba alisaini akijua ana mimba. Alimwambia Honorata hivyo.

"Atajua, ndiyo," Honorata alisema. "Mimi sitakudanganya."

Jumanne asubuhi waliingia wote wawili ofisini. Bi Frida alisikiliza, akavaa miwani, akamwomba Honorata ile simu. Alisoma kifungu kwa muda mrefu. Kisha akatoa kabatini daftari la vibarua la Januari, akapekua.

"Nasma, sikuoni. Kuna Asma."

"Ndiye mimi. Karani aliandika anavyosikia."

"Nitajuaje?"

Honorata akatoka, akarudi na Mzee Thobias, mlinzi wa getini, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaita vibarua majina kila asubuhi. Nasma alimwamkia. Mzee akaitikia, akavua kofia mbele ya Bi Frida, akamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye."

"Asma huyu ndiye huyu," alisema. "Akina Asma hapakuwa na wawili. Alikuwa akiniomba maji kila siku, anasukutua, anarudi kazini. Nilijua ana nini kabla yake."

Bi Frida aliwashukuru, akawaruhusu Mzee na Honorata. Mlango ulipofungwa, akavua miwani.

"Siku nilipokuuliza kuhusu afya yako, ulikuwa unajua?"

Nasma alikuwa ameandaa majibu kadhaa usiku ule. Yote yalimtoka.

"Nilijua, Madam. Niliogopa hamtanichukua."

 Nje mashine ya lebo iliwaka, ikaanza kugonga.

"Sijui kama tungekuchukua," Bi Frida alisema. "Ningependa kusema ndiyo, lakini sijui." Akaliweka daftari upande wake wa meza. "Daktari amekwambia uache."

"Jana."

"Nikikuruhusu leo, hesabu haitimii. Nikikurudisha kwenye mstari, ukaanguka, sitajisamehe." Akasimama, akakiburuta kiti cha wageni, kile chenye mto, mpaka karibu na dirisha. Akaweka kiti kingine mbele yake. "Kaa hapa. Miguu juu. Hizi ni hati za mizigo, zipange kwa tarehe. Hiyo ni kazi na upo kazini. Ukisikia kichwa kinauma au macho yanaona giza, unaniambia saa hiyohiyo, na tunaachana na hesabu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alikaa pale Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mara mbili alisinzia hati zikiwa mapajani, na Bi Frida hakumwamsha. Hawakuzungumza sana. Alhamisi saa kumi na nusu Bi Frida alimpa barua ya likizo, siku themanini na nne, kuanzia kesho yake.  Nasma alisema asante tu. Nyumbani alijilaza na nguo za kazi, na Bi Mwanvua, bila kuulizwa kitu, akainuka na magoti yake akaenda kuwasha jiko.

Presha haikushuka vya kutosha. Tarehe kumi na moja Septemba walimwanzishia uchungu hospitalini, akajifungua mtoto wa kike mdogo mwenye sauti kubwa. Ziwa lilikuwa limeshafunguliwa. Abdulmajid alifika kutoka majini akinuka dagaa, akaambiwa na manesi akaoge kwanza. Walimwita mtoto Shadia.

Likizo ilihesabiwa tangu Agosti, kwa hiyo iliisha mtoto akiwa na wiki tisa. Nasma alirudi kwenye mstari katikati ya Novemba, kifua kimejaa, usingizi haujakaa hata usiku mmoja. Mshahara ulikuwa umeingia kila mwezi. Hilo alijikumbusha kila alipoinua chupa. Bi Frida alikuwa amemwandikia msimamizi kwamba anayenyonyesha ana saa mbili kwa siku, na msimamizi aliipokea barua ile kama mtu aliyepewa bili.

Saa sita mchana Bi Mwanvua alifika getini kwa bodaboda, amemfunga mjukuu kifuani. Nasma alimchukua Shadia akakaa naye kwenye benchi kando ya kibanda cha mlinzi, akamnyonyesha. Mama mkwe alisimulia bei ya ndizi soko la Mwanga, na jirani aliyehama, na goti. Nasma aliitikia mara ya kwanza, na ya pili. Kisha kichwa chake kikaangukia begani kwa mama mkwe, na yule mama akamshikilia mtoto asiteleze.