Kambale Namba Nane

Mwaka ule wa tisini na sita Mzee Mazengo alipunguzwa kazi reli, akarudi Hombolo na kitanda, baiskeli, na uongo wa miaka thelathini. Aliwahi kuapa kwamba treni ya mizigo ilifika Kilosa, ikakumbuka haikumuaga, ikarudi kinyumenyume hadi Dodoma.

Ndiyo maana siku ile bwawani hakuna aliyegeuka alipopaza sauti.

Evarista, mtaalamu wa samaki, alikuwa amewapachika kambale wanane vidude vya redio vyenye waya mrefu. Mlio kwenye mashine yake ulimwonyesha samaki alipo, na kasi ya mlio ikamwambia joto la mwili wa samaki huyo. Sasa wa nane alikuwa kimya siku ya tatu, na lawama zilimwangukia Iddy, mvuvi, aliyekutwa na vichwa vya kambale jikoni.

"Kama umemla, leseni yako naomba ifutwe," Evarista alisema.

"Hajaliwa!" alisema Mazengo. "Juzi alfajiri, mvua ya kwanza ilipokata, nimemwona anavuka njia kwa tumbo, waya unaburuzika nyuma. Kaelekea shimo langu la tofali."

Watu wakavunjika mbavu. "Alikuamkia, mzee?"

Kwa kawaida Mazengo angecheka nao. Lakini Iddy alikuwa amekaukwa midomo.

"Mwanangu," alimwambia Evarista, "mimi ni mwongo, waulize hawa. Usiniamini mimi, iamini mashine yako. Ni dakika kumi tu."

Evarista akashusha pumzi, akabeba mashine na antena yake.

Karibu na shimo mashine ikaamka. Tik. Tik. Kisha tiktiktik, mbiombio.

"Nyuzi thelathini na moja! Maji kidogo, jua kali... lakini mzima!"

Sharubu zikachomoza topeni. Iddy akaushika mkono wa Mazengo kwa mikono miwili.

Evarista akaandika daftarini, akasoma: "Ameonekana akivuka nchi kavu. Shahidi, Mzee Mazengo."

"Rudia hapo kwenye shahidi, mama."

Akarudia. Mazengo akajifanya kufuta jasho.

Jioni Zaitun, mke wa Iddy, alimletea sahani ya perege wa kukaanga. Majirani wakamfuata, wakitaka kisa. Mazengo akakisimulia: mvua, njia, waya, shimo. Akachukua kipande cha perege.

"Mbona fupi?" Zaitun alilalamika. "Hata salamu hakukupa?"

Mazengo alitafuna taratibu, akimshukuru Mungu kimoyomoyo, na yule kambale pia.

"Hakuniona," alisema.