Spika za Mwalimu Zablon

Mtu akiingia kwenye kibanda changu, swali lake la kwanza ni, "Fundi yuko wapi?" Mimi nimekaa pale pale, bisibisi mkononi, pasi ya kuchomelea inafuka moshi mbele yangu, na yeye bado anachungulia nyuma ya kabati kutafuta mwanaume. Ninayo majibu mengi ya swali hilo, na hakuna hata moja lenye adabu.

Mwalimu Zablon naye aliuliza hivyo hivyo. Alikuja na Korola yake ya zamani, nyeupe, ya tangu watoto wake wako shule ya msingi, akaiegesha mbele ya kibanda na kusimama mlangoni na suti yake ya kaki.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Umeshamwamkia."

"Eh?"

"Fundi ni mimi!"

Akanitazama, akatazama mikono yangu, kisha akavuta kigoda. Hapa Tabora nani asiyemfahamu? Alifundisha shule miaka thelathini, na kwaya ya usharika wao ameishika kwa miaka mingi zaidi ya hiyo. Watu wanasema akiinua kidole kimoja waimbaji arobaini wanavuta pumzi. Kwangu alikuwa mteja mwingine wa "fundi yuko wapi", na wa namna hiyo siwasamehe.

Shida yake ilikuwa spika za milango ya mbele. Alirekodi kwaya kwenye flashi, akawa anaisikiliza garini ili ajue nani anaharibu wapi. Lakini sauti ya kwanza, ile ya juu ya kina mama, ilikuwa imepotea. "Wanaimba kama wako ndani ya blanketi," alisema. Akaona spika za kiwandani zimechoka. Akaenda Nzega kwa fundi mmoja anayeitwa Kornel, na huyo akamfungia spika mpya. Blanketi likabaki pale pale, na sasa besi nayo imekwisha.

Nikafungua kava la mlango, na nusura nicheke mpaka nianguke. Boksi la spika alikuwa nalo kwenye buti, limeandikwa wati elfu moja. Wati elfu moja! Redio yenyewe ya gari haifikishi wati ishirini kwa kila spika. Mji huu umepitiwa na misafara tangu enzi za pembe za ndovu, na kila mpita njia alisifia mzigo wake, lakini wazee wetu walikuwa wanafungua mzigo kwanza ndipo wanataja bei. Siku hizi watu wananunua maandishi ya boksi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Na kazi ya huyo Kornel! Karatasi la nailoni linalozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya mlango alilichana akalitupa. Sumaku ya spika ilikuwa nene kiasi kwamba kioo kikiteremshwa kinaigonga na kuishia njiani, kwa hiyo mwalimu mzima, mwalimu wa walimu, alikuwa anaendesha gari jua la Oktoba na kioo kimefunguka kiganja kimoja. Waya zilisokotwa kwa vidole na kufungwa kwa utepe, na za upande wa kushoto ziligeuzwa, chanya kwa hasi. Spika moja inasukuma, nyingine inavuta, besi itatoka wapi? Fundi wa hivyo, hata ukimpa jiko la mkaa atalifunga kichwa chini.

Nikachukua mita, kile kidude cha kupimia waya, nikagusa ncha hizi mbili. Waya ukiwa mzima kinalia piii, kikali, mpaka jino linauma.

"Waya ukiwa mzima kinafanyaje?" akauliza mwalimu, ameinama karibu yangu.

"Kinalia."

"Mbona hakilii?"

Kilikuwa kinalia vile hata mbuzi wa jirani aligeuka. Nikajua anataka kunionyesha kwamba ufundi anaujua kuliko mimi. Nikachomelea waya, nikazigeuza za kushoto, nikaweka nailoni mpya na pete ya mbao kuisogeza sumaku mbali na kioo. Kisha nikazijaribu zile spika zake za kiwandani, ambazo alizibeba kwenye mfuko wa rambo. Karatasi zake za ndani hazijachanika, sauti safi.

"Hizi hazikuwa na ugonjwa wowote, mwalimu."

"Eh?"

Nikarudia kwa kelele. Akatikisa kichwa. "Binti, ninaijua sauti ya kwanza. Nimeifundisha kabla hujazaliwa. Kama spika ni nzima, kina mama wako wapi?"

Hapo ndipo mdomo uliponitangulia. Spika nzima, waya nzima, redio nzima, na mzee bado ananifundisha kazi kwenye meza aliyoniachia baba yangu. Nikamwambia, "Basi labda hao kina mama zako ndio hawana sauti."

Safari hii alisikia. Alitoa daftari dogo mfuko wa shati, akaandika kitu, akaondoka. Mimi nikacheka peke yangu mpaka adhuhuri.

Wiki iliyofuata alirudi anataka twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba zinazokaa pembeni karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Nilimwambia hazihitajiki. Akasema "eh?" mara mbili. Nikamfungia. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nilipowasha, zilikuwa kali kiasi cha kukwaruza ubongo, na yeye ameketi ndani, milango imefungwa, kitufe cha sauti kali amekizungusha mpaka mwisho, anasema, "Afadhali kidogo." Afadhali kidogo! Nikasema moyoni, mzee huyu hataki sauti, anataka kubishana.

Sasa nimtaje dada Martha, maana ndiye aliyelipia kicheko changu.

Martha anauza michembe na matobolwa ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda changu. Michembe ni viazi vitamu vilivyoanikwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza, na kila alasiri, nikishaswali, yeye huvuka na kisosi cha matobolwa na karanga, tunakula na chai yangu. Miaka tisa tumefanya hivyo. Yeye Mmoraviani, mimi Mwislamu, na sikumbuki siku tuliyogombana hata kwa habari ya chenji. Ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Mwalimu Zablon. Akiwa anapanga viazi huwa anaimba, na wateja wangu hunyamaza bila kuambiwa.

Jumatano ya wiki ya tatu, alasiri, alivuka na kisosi, lakini macho yalikuwa mekundu.

"Mama Nasri, nimetolewa."

"Umetolewa wapi?"

"Sauti ya kwanza. Mwalimu kasema sauti yangu imekwisha. Kasema katusikiliza kwenye rekodi ndani ya gari, spika mpya, kila kitu kipya, na mimi simo. Nafasi kampa Apolinaria. Mimi niimbe ya pili au nipumzike."

"Na tamasha la kwaya kule Isikizya?"

"Ndiyo hiyo Jumapili. Sare nimeshona." Akamenya karanga, hakuila. "Miaka kumi na tisa. Kama imekwisha si waniambie tu siku moja kwamba Martha, unazeeka? Ananiambia mbele ya watoto, anasoma kwenye daftari."

Daftari. Nilijua kilichoandikwa ndani ya daftari lile na nilijua nani alikisema. Nikamwambia, "Achana naye, mzee mwenyewe hajui kitu," nikamimina chai. Sikusema zaidi. Ninajua kutoa maneno. Kuyarudisha ndiko sikujifunza.

Ijumaa asubuhi Korola ikasimama tena mbele ya kibanda. Mwalimu Zablon akashuka, suti ile ile, lakini safari hii hakukaa kwenye kigoda.

"Hata Apolinaria hasikiki," alisema. "Nimewasikiliza wa sauti ya kwanza wote sita, mmoja mmoja. Haiwezekani wote wamekwisha. Ni spika zako."

Zako! Spika za Kornel leo zimekuwa zangu. Damu ikanipanda. Nikachomoa kava la mlango kwa nguvu, nikatoa mita, nikasema sasa nitampimia waya mmoja baada ya mwingine, mbele ya macho yake, mpaka aombe radhi. Nikagusa wa kwanza. Piii.

Ameinama, sikio lake liko karibu na mkono wangu. "Umekatika huo," alisema. "Hakilii."

Nikainua uso nimtukane, na nikayaona macho yake. Hakuwa anabisha. Alikuwa anangoja mlio.

Nikaziacha zile ncha za waya, nikagusanisha ncha za mita zenyewe, nikazipeleka sentimita chache tu kutoka sikio lake. Piii, ndefu, bila kukata. Ng'ambo ya barabara Martha akainua kichwa kutoka kwenye viazi vyake kuona ni nini. Mwendesha bodaboda akageuka. Mwalimu Zablon aliendelea kuitazama mita.

"Mwalimu," nikasema, polepole, uso wangu mbele ya uso wake. "Kinalia."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kilikuwa kinalia na siku ile ya kwanza."

Akanishika mkono, akausogeza mwenyewe mpaka mita ikagusa nywele zake nyeupe. Akasubiri. Kisha akauachia, akaketi kwenye kiti cha dereva, miguu nje, mikono juu ya magoti.

"Simu yangu huwa hailii," alisema. "Wajukuu wananiletea, babu, simu. Nimebadilisha simu mara mbili mwaka huu."

Nikazima mita.

"Kanisani nawaona midomo," akasema. "Nikiwaona midomo, najua wanaimba nini. Ndani ya gari hakuna midomo."

Kisha akatoa daftari. "Ulisema kina mama hawana sauti. Nikasema, huyu ni fundi, sikio lake ndilo kazi yake. Ulisikia kasoro gani kwa Martha?"

"Sikusikiliza, mwalimu."

"Eh?"

Ilibidi nipaze sauti, na mtaa mzima ukasikia. "Sikusikiliza! Nilikuwa nakukomoa tu!"

"Kunikomoa kwa lipi?"

"Siku ile uliingia ukauliza fundi yuko wapi."

Alifikiri. Aliitafuta ile siku kwa bidii, mwalimu kweli, na nikaona haipati. "Niliuliza hivyo?" akasema. "Basi nisamehe, binti."

Nilikuwa nimeuhifadhi ule msemo wake wiki tatu, nikiupikia kila asubuhi, na mwenyewe hata hakumbuki kama aliusema. Watu wengi nimewadharau katika maisha yangu, wa Nzega na wa hapa hapa, lakini asubuhi ile nilikutana na mjinga aliyewashinda wote, na alikuwa ameshika mita.

Mwalimu akaniomba nimrudishie spika zake za kiwandani. Nikainama mlangoni, nikafanya kazi. Yeye akavuka barabara. Kupitia dirisha la gari nilimwona amesimama mbele ya meza ya viazi, kofia mkononi, anazungumza. Martha alisimama. Mwalimu akaonyesha sikio lake, kisha daftari. Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli na hajui kuficha, akageuka akanionyesha mimi.

Alipoondoka kioo cha gari lake kilikuwa kinashuka mpaka chini na spika zinaimba kama zilivyotoka kiwandani. Alinipungia mkono.

Alasiri nikaswali, nikachemsha chai. Martha alivuka mikono mitupu.

"Amenirudisha," alisema. "Jumapili naongoza. Kasema atasimama karibu, atanitazama mdomo."

"Alhamdulillahi, dada."

"Siku ile nakuletea habari, nalia hapa hapa. Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikuwa na hakika. Ulimi hauna mfupa, hasa wangu.

"Nilikuwa najua."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei na ameikubali. Kisosi chake cha juzi kilikuwa bado juu ya meza yangu, nimekiwekea skrubu za milango.

"Naomba kisosi changu," akasema.

Nikamwaga skrubu, nikakifuta kwa kitambaa, kikabaki na alama nyeusi ya kidole gumba. Nikakifuta tena. Haikutoka. Akakipokea hivyo hivyo, akavuka.

Wanasema Isikizya watu walisimama alipoimba. Mimi sikwenda, ningekwenda kwa uso gani? Siku hizi akianza kuimba kwenye viazi vyake ninazima redio ninayoitengeneza, ninasikiliza mpaka amalize. Ananisalimia vizuri tu asubuhi. Chai ya alasiri nainywa kavu.