Pindo la Kushoto

"Simama wima," sauti ilisema ndani ya kioo.

"Nimesimama," fundi alijibu, pini zimemjaa mdomoni. "Huku nje ndivyo ninavyosimama."

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi na mwembamba tangu utotoni. Ndiyo maana cherehani yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Aliitwa kwenye jumba lile kushona mapazia, akaingia kwa mlango wa jikoni. Siku hiyo hiyo alimwona kwenye kioo cha chumba cha kushonea: bwana mdogo wa nyumba, aliyekwisha kuzikwa, akimtabasamia. Na pale ambapo fundi alipaswa kujiona, palikuwa na mwanamke mwenye uso wake na miguu miwili minyoofu. Bwana mdogo alitembea upesi humo ndani, na yule mnyoofu alimfuata bila taabu.

Angetimua mbio, lakini mbio hazikuwa fani yake. Alibaki, wakapiga soga. Bwana mdogo alimuuliza habari za nyuzi na sindano, mambo ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza. Tusizungukezunguke: alimpenda mpaka chakula kikawa hakipiti.

Mama mwenye nyumba alijua. "Mwanangu amekuchagua," alisema, akiitazama fimbo aliyotembelea fundi badala ya uso wake. "Shona gauni la harusi. Ukilivaa mbele ya kioo, utaingia kwake. Mguu huo utauacha huku. Nani angekataa, binti?"

Kweli, nani? Akashona.

Sasa gauni lilikuwa mwilini mwake na pini ya mwisho imetoka. Huku nje pindo liligusa sakafu sawasawa pande zote. Ndani ya kioo lilikwenda upande, likaacha wazi kifundo cha kushoto cha yule mnyoofu. Mikono ya fundi ilikuwa imekata kitambaa kwa mazoea, kufuata nyonga yake inavyoinama.

"Umeharibu," mama alifoka. "Fumua! Lishushe hapo kushoto."

Fundi alishika mkasi. Ncha ikagusa uzi, kisha mkono ukagoma.

"Fumua, mpenzi," bwana mdogo alimbembeleza. "Ni uzi tu."

Fundi alimtazama yule mwanamke. Siku zote alimwonea wivu. Leo alimhurumia, maskini, hajawahi kushona hata kifungo.

"Nimejipima mimi," alisema. "Ukimtaka huyo, mshonee wewe."

Alichukua fimbo, akapita sebuleni na gauni lake, akatoka kwa mlango wa mbele. Barabarani alilia waziwazi, wapita njia wakampisha.

Kwenye dirisha refu la duka la vyombo alisimama ajifute macho. Kioo kilimwonyesha yeye, na fimbo yake, na pindo lililonyooka. Akaanza tena kutembea, na yule wa kiooni akachechemea naye.

Nyuma yake njia ilikuwa tupu. Lakini ndani ya kioo, kando yake, kulikuwa na mtu aliyezoea kwenda upesi, akipunguza hatua.