Varezhka na Saa ya Baruti

Mlipuko uliwakuta waokoaji gari lao limekwama topeni, na Faina Yegorovna akakaa chini palepale, asijali sare wala baridi. Mbali huko nyikani moshi mweusi ulikuwa unapanda. Ndani ya moshi ule, kwa hesabu yake, alikuwamo Varezhka.

Varezhka alikuwa mbwa koko wa mitaa ya Moscow, mdogo, mguu mmoja mweupe kama amevaa glovu, na jina lake maana yake ndiyo hiyo. Faina ndiye aliyemwokota. Ndiye aliyemfundisha kutulia kwenye kiti chembamba, kula chakula kilichogandishwa na kuvumilia ngurumo za mashine. Asubuhi hiyo alimfunga mikanda kwa mikono yake mwenyewe, mbwa akamlamba kidole, mlango ukafungwa.

Roketi ilipanda vizuri. Kilichokwenda mrama ni kurudi: chombo kilishuka na mwavuli wake mbali kabisa na walipokuwa wanakisubiri, katikati ya nyika ya Wakazakhi, kwenye kondoo na upepo. Na chini ya kiti cha mbwa kulikuwa na baruti yenye saa. Wakubwa waliagiza iwekwe, ili chombo kikiangukia mikononi mwa Wamarekani kilipuke kabla hawajajua kilivyotengenezwa. Kwamba Mmarekani hajawahi kukanyaga nyika ile halikumsumbua mtu. Waokoaji wasipowahi kuizima, inalipuka. Ndivyo mbio zile za angani zilivyokuwa: leo wale wamerusha tumbili, kesho sisi turushe mbwa, keshokutwa turushe mtu kabla yao, na aliyeuliza mbona haraka hivyo alihamishiwa kazi nyingine.

Mkuu wa msafara, Meja Ryabtsev, hakungoja kufika penye moshi. Huo ulikuwa ugonjwa wa wote wa kazi ile, taarifa kwanza, kuona baadaye. Moscow ilikuwa inamsumbua kwenye redio ikiuliza jambo moja tu, kama siri iko salama. Akajibu kwamba chombo kimeteketea chote, mbwa amekufa, siri iko salama. Wakampongeza. Faina alizisikia pongezi zile, akatamani kumpaka Meja tope usoni.

Dereva wao, Dosan, Mkazakhi mwenye maneno mengi, alishuka na koleo. Alilinasua gari, wakafika. Walikuta shimo na mabati yaliyojikunja. Faina akapiga magoti, akaanza kupekua majivu kwa mikono mitupu, akitafuta hata unywele. Meja alimwambia aache. Hakuacha.

Ndipo akatokea mwanamke mzee juu ya farasi, kitambaa cheupe kichwani, koti kubwa la ngozi ya kondoo limefungwa mpaka shingoni. Hata salamu hakutoa. Kutoka mbali alipaza sauti neno moja, "Suyinshi!" Dosan akaangua kicheko, mpaka Meja akadhani amerukwa na akili.

"Anadai zawadi, Ndugu Meja," Dosan akasema. "Kwetu mtu akija na habari njema, hasemi mpaka umwahidi kitu."

"Habari njema gani hapa? Huoni shimo?"

"Sasa hiyo ndiyo hasemi."

Faina alisimama, majivu mpaka kwenye viwiko. "Mwambie nampa chochote," alisema. "Chochote atakachotaka."

Mwanamke akafungua koti. Kifuani pake kilichomoza kichwa cha Varezhka, macho yamelegea kwa usingizi na shibe. Faina akamkumbatia mbwa, na farasi, na mguu wa yule mama, vyote kwa pamoja, akalia kwa sauti bila haya. Yu hai, alikuwa akirudia, yu hai.

Mama mwenyewe aliitwa Kulyash, mchungaji, na Dosan akawatafsiria kisa chake. Aliona kitambaa kikubwa kinashuka, akasikia mbwa analia ndani ya kile kidude. Kulikuwa na maandishi mekundu ambayo hakuyajua kusoma, na hata angeyajua asingeyatii, kwa sababu kwao mnyama akilia mlangoni anaingizwa kwanza, habari za mwenyewe huulizwa baadaye. Akazungusha mpini, akakata mikanda kwa kisu, akampeleka hemani kumnywesha supu. Hajakaa vizuri, ardhi ikatetemeka.

"Anauliza ni mpumbavu gani amemfungia mbwa pamoja na baruti," Dosan akasema. "Anasema angependa kuonana naye."

Meja akakohoa. Kisha uso ukamsawijika, maana alikumbuka redio. Mbwa aliyekwisha kufa alikuwa anajilamba mbele yake. Akisema yu hai, watauliza nani alifungua mlango wa siri, na bibi huyu atakwenda kujibu maswali asiyoyajua. Faina aliwaza mbali zaidi. Varezhka akirudi atapigwa picha, atapimwa, kisha atapandishwa tena, kwa kuwa Wamarekani hawalali.

Bi Kulyash akakumbusha zawadi yake. Meja alimtolea chai na sukari yote ya msafara. Mama akatikisa kichwa, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mbwa. Mbwa wake aliliwa na mbwamwitu wakati wa theluji, alisema. Anamtaka huyu.

Faina alihisi kama ameporwa upya. Ndiyo kwanza amempata. Akamgeukia Meja, hajui anataka akatae au akubali.

"Unaniangalia nini?" Meja akasema. "Mimi sioni mbwa hapa. Mbwa amekufa, na taarifa nimeshatoa. Au unataka nikaonekane mwongo?"

Dosan akageuka upande, mabega yakimtikisika. Na Faina naye akajikuta anacheka, machozi hayajakauka, kwa wepesi ambao hakuwa nao tangu alipoanza kazi ile. Akabusu ule mguu mweupe, akamrudisha Varezhka ndani ya koti, akamfunga Bi Kulyash kifungo cha juu ili upepo usiingie. Mbwa wengi alikwisha kuwakabidhi kwa watu. Huyu alikuwa wa kwanza kumkabidhi kwa mtu asiyekuwa na haja ya kumrusha popote.