Dakika Kumi na Saba

Tende ilikuwa tayari katikati ya meno yangu nilipoliona jua. Lilikuwa limekaa juu ya kilima cha chai, zima, jekundu, halina haraka, likinitazama kama mwenye shamba anavyomtazama mtu aliyemkuta ndani ya mahindi yake. Nikaitema tende kiganjani.

Phelis alikuwa mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi.

"Mzee," akasema, "unakula na jua iko pale?"

Ilikuwa siku ya ishirini na saba ya Ramadhani. Nilikuwa na miaka sabini na mmoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilikuwa nimekaribia kufunga mwezi mzima bila kukatiza.

Nieleze. Mimi ni mnoa visu. Baiskeli yangu ina jiwe la kunolea juu ya tairi la nyuma. Nikiiegemeza kwenye stendi na kukanyaga, jiwe linazunguka, na kisu cha mama yeyote kinarudi ujanani. Kwa jiwe hilo nimetoka kwetu Mumias nikafika Isiolo, Garissa, Lamu, nikarudi, nikaondoka tena. Dini inamruhusu msafiri kula mwezi wa mfungo, halafu alipe siku zake baadaye, na mimi nimekuwa msafiri tangu ndevu hazijaota. Ramadhani ilinikuta Nyahururu nikafunga siku nne, nikahama. Ilinikuta Kitale nikafunga mbili. Nililipa vipande vipande, kama nilivyosoma shule: darasa la kwanza Mumias, la pili Eldoret, la tatu mwalimu bado ananingoja.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Wewe, mwezi unakuja kwako kama mgeni anayebisha hodi nyumba isiyo na mtu."

Alikufa nikiwa njiani. Maneno yale niliyabeba nyuma ya baiskeli pamoja na jiwe.

Halafu goti likagoma. Lilinigomea kwenye mlima, mbele kidogo ya Kapkatet, penye maduka machache na hoteli ya chapati. Mwenye hoteli alikuwa Phelis, Mama Oyaro kwa wateja wake, Mkisii, Msabato wa kweli, mjane mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kupakua. Alinikodishia chumba nyuma ya jiko. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, wiki mbili kabla ya mfungo. Nikajiambia: basi. Mwaka huu mgeni akibisha hodi, atanikuta.

Na nilijiandaa. Ndani ya msahafu wangu nilikuwa na karatasi ya saa za daku na futari, imepigwa chapa vizuri, niliyopewa msikitini Mombasa nilipopita huko kunoa visu. Saa nilikuwa nayo mkononi. Jua sikulihitaji, na hata ningelihitaji nisingelipata. Upande wa magharibi, juu ya kilima, palisimama ukuta wa mikalitusi. Jua la pale halikuwa likitua, lilikuwa likipotelea tu kwenye miti, au mvua ya alasiri ilikuwa imeshalifunika zamani. Karatasi ikisema kumi na mbili na dakika thelathini na nne, nilikula tende yangu, nikashukuru, nikafuata chapati mbili na chinsaga, mboga ya kwao Phelis yenye uchungu mtamu. Siku ishirini na sita, sikukosa hata moja. Nilitembea kifua mbele kijijini pale kama mtu aliyenunua gari.

Siku ya ishirini na saba Kiptum, mkata miti wa pale kijijini, na wenzake walikata ile mikalitusi. Kiwanda cha chai kinataka kuni za kukaushia majani, na miti ilikuwa imeiva. Mnyororo wa msumeno wao wa injini niliunoa mimi mwenyewe, jino kwa jino, kwa tupa mpya. Kutwa nzima nilisikia miti ikianguka, na kila ulipoanguka mmoja nilijisifu: hiyo ni kazi ya mkono wangu. Saa kumi na moja wakashuka, Kiptum akanipungia mkono.

"Mzee, tumekufungulia dirisha!"

Naam. Walinifungulia.

Phelis aliweka mwiko chini, akaketi kwenye ukingo wa jiko. Alikuwa na jambo.

"Mzee, nikuambie kitu na usikasirike. Sabato yetu inaingia Ijumaa jua likitua. Kila Ijumaa mimi hupanda pale kwa tangi la maji niangalie, ndiyo nishuke nifunge hoteli. Kila nikishuka, nakuta umemaliza kula. Ijumaa zote."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani yenu hutua mapema." Akainua mabega. "Dini ya mtu utaiuliza nini, Mzee? Wewe mbona hujawahi kuniuliza kwa nini sipiki nguruwe?"

Tulikaa pale wawili tukilitazama jua kama watu wanaongoja mgonjwa aseme neno. Likateremka, likashika majani ya chai, likazama. Nikatazama saa. Dakika kumi na saba baada ya karatasi. Maharagwe ya Phelis yalikuwa yameungua na hakuna aliyeinuka.

Baada ya kufuturu nilimpigia simu sheikh mmoja ninayemjua Kericho mjini.

"Karatasi yako imetoka wapi?" akauliza.

"Mombasa."

Halafu nikamsikia akijizuia kucheka, akashindwa. "Mzee wangu! Jua linaanzia kwao. Likishatua Mombasa, wewe huko milimani bado unalo."

Nikabisha. Mimi ni mtu wa kubisha. "Lakini hata daku niliacha kwa saa za Mombasa. Nilianza mapema, nikamaliza mapema. Ukipima, urefu ni ule ule!"

"Kanzu ya mwenzako inaweza kuwa na urefu ule ule," akasema taratibu, "na bado ikawa si yako. Mungu anajua ulikosea tu. Funga hizi zilizobaki. Sikukuu ikipita, ulipe ishirini na sita."

Nilikasirika. Mtu aliyezunguka nchi hii kuliko lori la serikali, halafu hakujua kwamba jua lina zamu! Asubuhi nilipaka baiskeli mafuta, nikafunga mzigo, nikaapa kwamba Idi ikipita tu naondoka, goti lipende lisipende.

Idi niliswali Kericho. Kulikuwa na wazee wenzangu, na baada ya kukumbatiana mmoja wao akajifuta macho na kofia. "Mgeni ameenda," akasema. "Nyumba imekuwa kubwa."

Maneno yale yalinisimamisha. Mimi kuaga nakujua. Nimeaga nyumba nyingi, na ninachojua ni kwamba anayeondoka ana njia ya kumliwaza. Uchungu wote unabaki na aliyesimama mlangoni. Maisha yangu yote sikuwahi kuwa yule wa mlangoni. Nilimtazama mzee yule akilia, nikatafuta huzuni yake ndani yangu nisiione. Mwezi wake ulikuwa umeondoka. Wangu ulikuwa bado haujavua viatu.

Niliporudi nilimkuta Kiptum ameniletea kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kwa ajili ya sikukuu.

"Mzigo umefungwa," akasema, akiangalia baiskeli. "Kwa hivyo unatoroka?"

"Shika kamba hiyo," nikamwambia. "Nisaidie kufungua."

Kesho yake nikaanza kulipa. Kila jioni Phelis alipanda kwenye tangi, si Ijumaa tu, akasimama juu ya zege na leso yake kiunoni. Wachuma chai walipopita na vikapu walimcheka. "Mama Oyaro amesilimu!" Naye akawarushia, "Nyamazeni nyinyi! Jua ni moja!" Kisha alinigeukia na kuita, "Bado!" Na baadaye, "Haya, kula!"

Siku ishirini na sita, bila kukosa.

Ile ya mwisho mvua ilikatika mapema na majani yote ya chai yaling'aa kama visu vilivyotoka jiweni. Niliketi kizingitini, mlango wazi nyuma yangu, tende kiganjani. Goti lilikuwa limepona siku nyingi. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, na kuku wa Phelis alikuwa amelala kwenye kikapu chake cha mbele. Njaa nilikuwa nayo, lakini nilijikuta naliombea jua likawie.

"Bado, Mzee!" akaita kutoka kule juu.

"Sina safari," nikamjibu.