Unga wa Mifupa ya Farasi

Kikundi chetu cha wanawake wachuma matufaha wa Yeongju kilikuwa na watu kumi na wanne, na kwa miaka yote hatukuwahi kusafiri pamoja ila kwenda mazikoni. Ndiyo maana mwenyekiti wetu, Mal-sun, alipotangaza safari ya siku tatu kisiwani Jeju kwa bei ya kutupa, tulipiga makofi kama watoto. Dada Pil-nyeo, mwenye miaka themanini na moja, alitokwa machozi. Yeye alitaka kitu kimoja tu: avue viatu, aingize miguu baharini.

"Bahari iko pande zote, dada," Mal-sun akamwambia. "Utaichoka mwenyewe."

Bwana Ko, aliyekuwa atutembeze, alitupokea uwanja wa ndege na basi linalonuka soksi. Alituita "mama zangu" huku akituhesabu kwa kidole kama mbuzi. Chakula cha mchana kilikuwa supu ya samaki iliyopoa. Nilivuta unywele kutoka bakulini mwangu, ukaja mrefu, na jani la kabichi likining'inia mwishoni. Halafu wageni wa meza ya jirani walipoondoka, mhudumu alichukua figili zao za achari akaziweka mezani kwetu. Kipande cha juu kilikuwa na alama za meno.

"Yong-ja, usiangalie," Dada Pil-nyeo akaninong'oneza. "Meza tu."

Hotelini tulilala wanne chumba kimoja. Dirisha lilitazama bomba la jikoni linalochuruzika mafuta. Mto wangu ulikuwa na doa la kichwa cha mtu mwingine, na kwenye sinki nilikuta ukucha wa mguu, wa njano, umekatwa vizuri.

Siku ya pili mashamba ya maua tuliyaona kupitia kioo cha basi. Tulikoteremshwa ni madukani: duka la sufuria, duka la asali, duka la ngozi. Kila Dada Pil-nyeo alipouliza, Bwana Ko alijibu, "Bahari kesho, mama yangu."

Jioni magoti yalimuuma Dada Pil-nyeo, nikaenda kumwomba Mal-sun plasta ya dawa. Nilidhani amelala na wenzake ghorofa ya nne. Mfagiaji akanionyesha ya saba. Mlango ulikuwa wazi. Kitanda kimoja, shuka nyeupe, bahari imejaa dirisha zima, na mezani bakuli la uji wa abaloni, wale konokono wa baharini ambao sisi tuliwaona kwenye picha tu.

"Chumba kilibaki kimoja," Mal-sun akasema, kijiko mkononi. "Ningekigawa vipi kwa watu kumi na wanne?"

"Ungempa Dada Pil-nyeo."

"Usinianze, Yong-ja. Nani kahangaika na simu mwezi mzima? Kaa, onja uji."

Mdomo wake ulikuwa uking'aa mafuta ya ufuta. Nikaondoka bila plasta.

Asubuhi ya mwisho basi lilitupeleka kwenye ukumbi mmoja, tukaingizwa, mlango ukafungwa nyuma yetu. Mwanamume mwenye koti jeupe la daktari alitugawia vikombe vya unga wa mifupa ya farasi uliokorogwa na maji ya moto. Ulinuka pembe iliyoungua. Kisha Mal-sun akasimama, akashika maikrofoni.

"Mwaka jana nilishindwa hata kupanda ngazi," akasema. "Nimekunywa unga huu miezi mitatu. Niangalieni sasa!" Akajizungusha kiuno.

Dada Pil-nyeo akanyoosha mkono, anataka kununua makopo manne ya unga.

Nikainuka. "Mal-sun, mwaka jana ngazi nilikushikia mimi. Ulichuma matufaha mpaka theluji ikaanguka. Unga uliunywa lini?"

"Mama, tafadhali kaa," akasema yule wa koti jeupe.

"Mama yako yuko kwenu. Wewe fungua mlango."

Dada Pil-nyeo akamgeukia Mal-sun. "Umeunywa au hujaunywa?"

Mal-sun akatazama viatu vyake. "Dada, si ndivyo safari hizi zilivyo? Kila mwenyekiti hupewa chumba kizuri, naye husema maneno mawili..."

Dada Pil-nyeo akatema alichokuwa nacho mdomoni, akakirudisha kikombe mezani, taratibu, mbele ya Mal-sun.

Mlango ukafunguliwa, tukatoka sote. Bwana Ko alifoka kwamba muda wa bahari tumeupoteza wenyewe. Dereva ndiye aliyetuonyesha njia nyuma ya ghala, hatua mia mbili hivi. Bahari ilikuwepo kweli: mwani uliooza umerundikana hadi magotini, vipande vya maboya, samaki aliyevimba, na bomba linalomwaga maji ya kijivu. Dada Pil-nyeo alisimama kidogo. Kisha akavua viatu, akaingia.

Alipotoka, tope jeusi lilikuwa limejaa katikati ya vidole vyake. "Inanuka," akasema, basi. Nilimfuta kwa skafu yangu. Mal-sun alikuja na chupa ya maji, akainama kumwosha. Dada Pil-nyeo akauvuta mguu wake kama mtu aliyeguswa na konokono.

Wiki iliyofuata tulichagua mwenyekiti mwingine. Mal-sun akamletea kila mmoja wetu sanduku la machungwa ya Jeju. La kwangu liliozea barazani. Nililisukuma jalalani kwa fimbo, nisiliguse kwa mkono.