Kitanda cha Mlango wa Choo

Bi Somoe, mkulima wa korosho wa Nanyamba, anaugua utumbo miaka mingi. Ukivimba na kumsokota, haumpi nafasi. Ndiyo maana nilimhamishia kitanda cha jirani na choo, nikamwekea chupa ya maji ya moto tumboni. Siku hiyo akacheka kwa mara ya kwanza.

Mkwewe Shafii alipokuja kumwona, akafoka. "Nesi, mama mkwe wangu mnamlaza chooni? Hamna adabu!"

Nikamwambia adabu ninayo, utumbo wa mkwewe ndio hauna subira. Wapi! Akasimama mlangoni mwa choo, mikono kiunoni, akinihubiria heshima ya wakwe.

Bi Somoe akashuka kitandani haraka, akijifunga khanga.

"Baba, heshima yako nimeiona. Sasa nipishe nipite."